Sweta, joto la Kisumu na kipindi cha Kiingereza

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati ana swali asilochoka kuniuliza. Akipita karibu na darasa langu la Gredi ya 8 na kumkuta mtoto amesimama mbele akipunga mikono, tukikutana baadaye kwenye chumba cha walimu lazima anitupie, akiniita binti wa Vihiga kwa Kijaluo: "Sasa nyar Vihiga, hawa watoto watapiga domo mpaka lini? Sarufi utafundisha saa ngapi?"

Swali lenyewe lina msingi. Kiingereza kina vipindi vitano kwa wiki, kila kimoja dakika 40, na ndani ya hivyo vitano mtaala unataka mtoto asikilize na kuzungumza, asome, aandike, na sarufi nayo imwingie. Ondoa kipindi kinachomezwa na michezo au kikao cha wazazi. Ondoa na cha mvua. Mvua ya Kisumu ikianza kupiga mabati saa nane mchana, hata uwe na sauti ya mhubiri wa stendi huwezi kusikika. Siku hizo tunafungua vitabu na kila mtu anasoma kivyake.

Jibu ninalompa ni kwamba sarufi naifundisha hapo hapo kwenye domo. Kwa uzoefu wangu, hakuna wakati mtoto anaihitaji sarufi kwa haraka kama anapotaka kitu kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kumnyima. Hotuba ya kushawishi ni hiyo tu: nataka, wewe unaweza kukataa, nifanyeje? Ukimpa zoezi la kujaza mapengo atajaza, atapata alama nane kwa kumi, na kesho yake atazungumza vilevile alivyozungumza jana.

Shida huwa ni mada. Vitabu vimejaa umuhimu wa kupanda miti, hatari za dawa za kulevya, faida za usafi. Ni mambo mema, lakini nani darasani anapinga miti? Hotuba ambayo hakuna wa kuipinga haina wa kumshawishi. Kwa hiyo mtoto anasimama wima, mikono nyuma, na kuanza: "I stand before you this morning, all protocols observed…" Itifaki zote zimezingatiwa, na walio mbele yake ni wenzake waliokuwa wakigombania dawati dakika tano zilizopita! Najua wanakoitoa. Huku kwetu mtoto akifika miaka kumi na tatu ameshakaa kwenye matanga mengi, chini ya tenti, akisikiliza wanasiasa wakipokezana kipaza sauti kuanzia asubuhi hadi marehemu mwenyewe anakaribia kusahaulika. Huo ndio mfano wa hotuba walio nao kichwani.

Muhula huu nikawaambia: leteni mada ambayo kuna mtu ndani ya ua huu anaweza kuikataa. Zikaja nyingi. Mama wa mandazi aruhusiwe kurudi karibu na geti. Wavulana nao wadeki darasa. Simu ziruhusiwe (hiyo huja kila mwaka). Iliyowasha moto ilikuwa ya sweta.

Tangu sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) ianze Januari 2023 na kuwekwa ndani ya shule za msingi, shule nyingi zimetafuta njia ya kuwatofautisha hawa wakubwa na wadogo zao. Kwetu tofauti ni sweta nzito yenye mstari shingoni, na tai. Kwa mtoto wa Molo, kule kwenye baridi, ingekuwa baraka. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo, lakini tuko kando ya ziwa na mchana joto hukaribia nyuzi 30. Chini ya bati lisilo na dari, watoto zaidi ya hamsini wakibanana kwenye madawati yaliyotengenezewa watoto wa umri mdogo kuliko wao, saa nane mchana sweta huwa ni adhabu. Na anayeweza kukataa yupo, ofisi yake iko mita chache kutoka darasani: mwalimu mkuu.

Mvulana wa kwanza kusoma rasimu yake alianza hivi: "You must remove the sweaters."

Nikamuuliza, "Hii unamwambia nani?"

"Mwalimu mkuu, Madam."

"Haya, mwambie kwanza kwa Kiswahili, tukusikie."

Akanyoosha kola, akakohoa kidogo, akasema: "Mwalimu mkuu, tulikuwa tunaomba…" Darasa likaangua kicheko kabla hajamaliza, naye akacheka, maana alijisikia mwenyewe. Kwa Kiswahili adabu inakuja bila kuitwa. Tena angalieni alivyofanya: anaomba sasa hivi, lakini kasema "tulikuwa tunaomba", kana kwamba ombi ni la jana na halimsumbui mtu. Kiingereza kinafanya ujanja uleule. "Could" na "would" ni sura za wakati uliopita za "can" na "will", na ndiyo maana zinasikika laini. Nikachora ngazi ubaoni: "must" juu kabisa, chini yake "should", kisha "could", kisha "might". Nikawauliza unamwambia nani kutoka kidato kipi cha ngazi. Mdogo wako anayechezea moto? Juu kabisa. Bibi yako? Wakasema bibi hata hayumo kwenye ngazi, bibi unamsubiri aongee yeye kwanza.

Kanuni kwamba vitenzi hivi havipokei "s", wala "to" baada yake, walikuwa wameandika kwenye madaftari tangu Gredi ya 7. Siku hiyo walianza kuitumia, kwa sababu walikuwa wakibadilisha neno moja mara kumi katika sentensi ileile wakitafuta lisilomuudhi mzee.

Sentensi za masharti ndizo zilizotuchukulia muda zaidi, na sijutii. Ukichunguza hotuba yoyote ya kushawishi utakuta uti wa mgongo wake ni "if". Ukifanya hivi, utapata hivi. Na hapo ndipo watoto wangu hupotelea: "If we will remove our sweaters, we will listen better." Nikaandika ubaoni kwa Kiswahili: Tukivua sweta, tutasikiliza vizuri. Nikawauliza, "-ta-" iko wapi? Iko mara moja tu, upande wa matokeo. Mbona hamkusema "tukitavua"? Wakacheka. Basi Kiingereza hapo kinaenda sawa na Kiswahili: wakati ujao hukaa upande mmoja.

Aina ya pili ya masharti ndipo Kiswahili kinapowaponza. Sisi tunasema "ungekuwa darasani kwetu, ungeelewa", "-nge-" pande zote mbili, na mtoto anaibeba hivyo hivyo: "If you would be in our class, you would understand." Kwa hiyo kosa lenyewe si la uvivu wala upumbavu. Ni Kiswahili sanifu kilichovaa nguo za Kiingereza. Ukimwonyesha mtoto kosa lake limetoka wapi, halimwaibishi tena, na anaweza kulikamata likirudi. Tukairekebisha: "If you were in our class at two o'clock, you would understand." Nikawaambia waisome tena wakimfikiria mwalimu mkuu ameketi kwenye lile dawati la kona lisilopata upepo. Hakuna aliyemwamuru akae pale, sentensi imemkalisha.

Ya tatu, ile ya "-ngali-", niliwafundisha na kuwaonya. "If we had removed the sweaters, we would have passed" ni lawama. Anayeombwa ukimkumbusha alichoharibu jana, leo anakunja mikono.

Najua kuna watakaokunja uso kwa kuwa naleta Kiswahili, na Kijaluo mara mojamoja, katika kipindi cha Kiingereza. Mimi nimesoma enzi za disk, kile kipande cha mbao kinachovishwa shingoni mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani, naye azunguke akimtafuta wa kumpokeza. Kilitufundisha kunyamaza vizuri sana. Mtoto anayesema "my mother he sells fish" hajachanganyikiwa kuhusu mama yake. Kiswahili kina "yeye", Kijaluo kina "en", na zote mbili hazijali kama ni mwanamume au mwanamke. Mwambie hivyo mara moja, umemsaidia kuliko kumcheka mwaka mzima.

Kuhusu mbinu zenyewe za kushawishi, nilikuwa nimejiandaa na Aristotle, yule Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na mambo yake matatu: msemaji aaminike, moyo wa msikilizaji uguswe, na hoja isimame. Niliyaandika ubaoni, wakayanakili, nikaona macho yanaanza kulegea. Kuna msichana ambaye Jumapili humsaidia shangazi yake kuuza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye. Nikamwambia aje mbele atuuzie kiatu. Akamvua mwenzake cha kushoto kabla sijamaliza kusema.

"Customer, shika tu. Kushika ni bure." Akakiweka mkononi mwangu. "Mimi mwenyewe sivai za dukani, angalia mguu wangu." Kiatu akakigeuza, kucha ikapita kwenye ukingo wa soli. "Hii imeshonwa, Madam, si gundi. Gundi mvua ya Nyamasaria itaibandua wiki moja." Kisha sauti ikashuka: "Na mtoto wako ataenda shule na ile ya kupasuka mpaka lini?"

Sina mtoto mwenye viatu vilivyopasuka, lakini mkono ulishaanza kutafuta mkoba. Darasa likahesabu kwa vidole: kuaminika, huyo, anavaa mwenyewe, hoja, ile soli, moyo, mtoto wangu wa kubuni. Tangu siku hiyo hawaandiki jina la Aristotle kwenye pambizo la rasimu zao, wanaandika "hapa weka soli". Na ni kweli, rasimu nyingi hazina soli. Zimejaa moyo mtupu: tunateseka, tunaungua, tuhurumieni. Nikawa nauliza, iko wapi ile kitu naweza kuigeuza na kuipitisha kucha? Ndipo kikundi kimoja kikaazima kipimajoto cha maabara na kuanza kuandika joto la darasa saa mbili, saa sita na saa nane.

Niliwasimulia pia kuhusu mwanasiasa Tom Mboya, kwa kuwa kwao hilo ni jina la chuo na la mtaa tu hapa mjini. Asili yake ni Rusinga, alianza kazi kama mkaguzi wa afya Nairobi, na Desemba 1958, akiwa na miaka 28, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra. Mwaka uliofuata alizunguka Marekani akihutubia ukumbi baada ya ukumbi kuwaombea vijana nafasi za masomo, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Kilichowashika hakikuwa Accra. "Madam, kwa hiyo aliongea tu, wakampa?" Aliongea kwa hoja, nikasema. Aliongea na watu ambao wangeweza kukataa.

Sasa turudi kwenye sweta, maana mambo hayakwenda nilivyotarajia.

Hotuba zilikuwa zimepangwa Jumatano, na karibu wote walikuwa upande mmoja: sweta ziondoke. Sentensi iliyorudiwa zaidi ilikuwa "We must not wear sweaters." Wakapiga makofi, wakagonga madawati. Kisha akanyoosha mkono msichana mmoja wa upande wa ukutani, mtoto ambaye nikimuuliza swali hujibu akiangalia daftari. Akaja mbele bila karatasi.

"Me I am against," akasema. "Sweater is covering us. Some of us, our shirt is torn here." Akagusa kwapani, juu ya sweta. "If you will remove sweater, everybody will see. It is hot, isn't it? But you will laugh, isn't it?"

Akarudi kukaa. Hotuba yake haikufika dakika moja, na ukitaka kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, karatasi yote itavuja damu. Lakini ilikuwa na moyo, ilikuwa na soli, na aliyeisema alijua anachosema. Yule kijana wa "You must" ndiye aliyevunja ukimya: "Lakini sisi hatukusema ni lazima zitolewe. Tulisema si lazima kuvaa."

Hamkusema hivyo, nikamjibu. Angalieni ubaoni.

Nadhani kipindi kile kilichobaki ndicho kipindi bora cha sarufi nilichowahi kufundisha, na sikukipanga. "We must not wear" ni lazima tusivae. "We do not have to wear" ni si lazima tuvae. Kwa Kiswahili hakuna mtoto wa miaka mitano anayechanganya hayo mawili. Kwa Kiingereza darasa zima lilikuwa limechanganya, na kati ya hiyo sentensi na hii palikuwa na shati la msichana mmoja, na huenda mashati mengine ambayo hayakusema. Watu walichukua kalamu bila kuambiwa. Rasimu zikakatwa: "must not" ikatoka, "do not have to" ikaingia; "should be banned" ikatoka, "should be allowed to choose" ikaingia. Mmoja akauliza kama "may" ingefaa, "Learners may remove their sweaters after ten", na nikafurahi sana kwa sababu "may" haikuwa kwenye ngazi yangu.

Makosa ya yule msichana sikuyagusa siku hiyo. Mtoto akiwa amesimama mbele mimi sikatizi, nina daftari dogo ninamoandika, na kesho yake makosa yanakwenda ubaoni bila majina. Mwenzangu wa Hisabati hakubaliani na hilo. Kwake jibu baya likiachwa usiku kucha linaota mizizi. Huenda kwa sehemu na desimali ni kweli. Lakini kesho yake nilipoandika "isn't it?" ubaoni, na kueleza kwamba Kiswahili kinatosheka na "sivyo?" moja kwa kila kitu ilhali Kiingereza kinataka mkia ufanane na kichwa, "It is hot, isn't it? You will laugh, won't you?", yule msichana mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Mapumziko yalipofika akanifuata mlangoni na daftari. Alikuwa ameandika sentensi yake upya mara kadhaa, na alitaka kujua ipi ingefaa mbele ya mwalimu mkuu: "If you remove the sweaters, everybody will see" au "If you removed the sweaters, everybody would see". Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema ya pili, kwa sababu ya kwanza inaonekana kama ameshakubali zitolewe.

Hebu nielezeni ni zoezi gani la kujaza mapengo lingemfikisha hapo.

Najua mwakani watakapofika Gredi ya 9 wanasubiriwa na KJSEA, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, na karatasi haitawauliza kuhusu joto la Kisumu. Wazazi nao wananikumbusha. Sawa. Mazoezi ya kitabu tunafanya, kwa haraka, na siku hizi yanakwenda haraka kweli.

Wawakilishi wanne waliingia ofisini kwa mwalimu mkuu siku ya Jumatatu, mmoja wao akiwa ni yule msichana, na orodha ya joto imebandikwa kwenye kipande cha katoni. Mimi nilikaa nyuma, kimya. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili matatu kwa Kiswahili wakamjibu kwa Kiingereza, akakaa na ile katoni mkononi. Akasema jambo hilo linahusu wazazi walionunua hizo sweta, kwa hiyo litapelekwa kwenye kikao cha bodi, na kwamba bodi haisikilizi hotuba, inasoma barua. Waandike barua rasmi, ukurasa mmoja, imfikie kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo wiki hii tuko kwenye barua, na vita vimehamia huko. Wameandika "we request for" na ile "for" lazima itoke, wameandika "discuss about" na ile "about" nayo iende. Kundi moja linataka barua ianze na joto, vipimo vikiwa juu kabisa. Yule msichana na wenzake wanataka ianze na wale ambao wangependa kuendelea kuvaa, ili bodi ijue mapema kwamba hakuna anayetaka kutupa sweta zilizonunuliwa. Mimi niko upande wake lakini sijasema. Jana mwalimu wa Hisabati alisimama dirishani kusikiliza, nikajua swali lake linakuja. Akaingiza kichwa, akawauliza watoto: "Na tai je? Mbona tai mmeiacha?"

Mjadala ukaanza upya. Leo ni Jumatano.